Tumbo la Mjomba

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu ni kupima watu. Nikimwona mtu anakatiza barabara najua kiuno chake, najua mabega yake, na najua kama atanisumbua siku ya kuchukua nguo. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anashindwaje kupima mti uliosimama mahali pamoja tangu yeye hajazaliwa? Ndiyo hadithi yenyewe, na hata ninapoisimulia kichwa bado kinaniuma.

Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, umeegemea ukuta wa chumba cha Mama. Au ukuta ndio ulioegemea mti. Matata yote yalianzia hapo. Marehemu baba alikuwa kibarua wa kufyeka njia za nguzo za umeme, na huko kwenye misitu mikavu, ambako mvua huja kama mgeni asiyetaka hata kukaa, aliuchimba akauleta nyumbani ndani ya kopo la maziwa. Mama husema ulikuwa kama kiazi chenye majani matatu kichwani. Baba akauchomeka karibu na ukuta ili watoto wasiukanyage. Hakujua kwamba miti ya huko hujiwekea maji tumboni. Basi ukanenepa! Kurefuka haukurefuka sana, ulinenepa tu: chini tumbo, juu vitawi vyembamba visivyolingana na mwili, na ganda laini la rangi ya shaba linalobanduka kama karatasi. Jina lake la kweli hatukulijua. Sisi tuliuita Mjomba, kwa sababu kaka yake Mama naye tumbo lilimtangulia kila alikoingia. Siku alipouona aliupigapiga kofi akasema, "Huyu ni ndugu yangu kabisa, baba mmoja mama mmoja."

Tuliishi na Mjomba kwa amani mpaka ufa ulipotokea. Ulianzia juu kwenye pembe, karibu na kenchi za paa, ukashuka taratibu mpaka usawa wa kitanda cha Mama. Kila aliyeingia kuja kuuangalia alitikisa kichwa akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Jirani akasema. Muuza maziwa akasema. Mwisho nikatangaza uani kwamba atakayerudia methali ile nitamshona mdomo kwa uzi wa magunia.

Mama hakutaka kuhama. "Chumba hiki nimezalia watoto wangu wote," akasema, "na humu nimemuuguza baba yenu mpaka akanyamaza. Leo nikimbie mstari ukutani?" Kitanda chake kilikuwa chini ya ufa kabisa. Kila nilipopita na kumkuta amelala pale, mdomo wazi, miguu imetoka nje ya shuka, nilisimama nikautazama ule ufa. Ukuta ule ukianguka ndani, Mama hana pa kutokea.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori la mchanga. Mtaa mzima humwita Kamanda kwa sababu huamrisha hata kuku. Yeye alikuwa na jibu tayari. "Mti unasukuma ukuta. Tuukate."

"Umejuaje kwamba unasukuma?"

"Huoni tumbo lile? Tumbo likikua linakwenda wapi? Si linasukuma?"

Nikaenda kumwita mwashi. Huyu tunamwita Fundi Timazi, kwa sababu ile kamba yake yenye kipande cha chuma, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, huning'inia mfukoni mwake hata akienda msibani. Alikuja akaguna, akazunguka, akaguna tena. Nje hakuweza kuishusha timazi kwa sababu ya tumbo la Mjomba. Akaishusha ndani. Ndani nako baba alikuwa amepiga lipu mwenyewe, na marehemu baba, Mungu amrehemu, hakuwa mwashi. Lipu ile ilikuwa na milima na mabonde.

"Kwa hapa umelalia ndani," Fundi Timazi akasema. Akasogea kidogo. "Ila kwa hapa umelalia nje."

"Fundi, ukuta ni mmoja."

"Ndiyo maana kazi hii inataka subira, dada yangu."

Akabandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, akasema kikipasuka tujue ukuta unatembea. Kikapasuka kabla ya wiki kuisha. Akaja akafurahi kana kwamba ameshinda bahati nasibu. "Mnaona? Unatembea!"

"Unatembea kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Aah, hilo sasa ni swali jingine."

Jamani! Penye miti hakuna wajenzi, sisi mti tunao na mjenzi tunaye na bado tuko gizani. Lakini siku hiyo Fundi Timazi alisema neno moja la maana. Alisema mambo ni mawili. Kama Mjomba bado ananenepa, basi yeye ndiye anayesukuma, na akikatwa ukuta utapumzika. Kama hanenepi tena, basi ukuta ndio uliochoka ukamlalia, na hapo ole wake atakayemgusa, kwa sababu ndiye nguzo.

Mama alikuwa amekaa kitandani akisikiliza yote. Akaninyooshea kidole. "Huyu si anapima watu kila siku? Ampime na Mjomba. Akisema ananenepa, mkate. Akisema hanenepi, asiniingilie mtu tena humu na kamba zake. Neno la binti yangu ndilo nitakalolifuata."

Kamanda akafungua mdomo. Mama akasema, "Nimemaliza."

Mnaona nilivyotwishwa? Watu wazima wote hao, mwashi mzima, dereva mzima, halafu maisha ya Mama yanawekwa kwenye mkasi wangu. Nilitamani kukataa, lakini ukweli niliona fahari pia. Nikasema sawa.

Futi yangu ya kupimia haikumtosha Mjomba. Nikachana ukanda mrefu kutoka jora jipya la pamba nililokuwa nimeanza kushonea gauni la kazi la nesi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Kamanda akapenyeza mkono nyuma ya mti, chini kidogo ya pale tumbo lilipogusa ukuta, akanivutia ncha. Nikauzungusha, nikaushona papo hapo kwa sindano ya mkono, nikaacha nafasi ya kidole kimoja, kama tunavyofanya kwenye kola ya shati: kidole kikipita, shingo inapumua. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, Mjomba hana hata jani moja. Mama akachungulia dirishani akasema, "Mmemvalisha mkanda, mfungieni na tai basi."

Mvua zikaja. Zilinyesha mfululizo, ua ukawa tope tupu, Mjomba akatoa majani. Mvua ilipopumzika nikaenda nyuma ya nyumba, nikajaribu kupitisha kidole kwenye ukanda. Hakikupita. Nikajaribu kidole kidogo. Nacho wapi! Ukanda ulikuwa umemkaba mpaka umejichora kwenye ganda. Nikamwita Kamanda, naye akajaribu kwa kucha, akacheka kwa kiburi. "Nilisema mimi. Nilisema tangu mwanzo."

Nikaingia kwa Mama nikamwambia, "Mama, ananenepa."

"Una hakika?"

"Mkanda umembana, Mama. Mti ndio unaosukuma."

Akatazama dirishani. Nilijua anampenda mti ule, maana ndicho kitu pekee cha baba kilichokuwa bado kinaota majani. "Haya," akasema. "Kama umesema wewe, basi."

Siku ya kukata sikukaa nyumbani. Nilisema nina kazi nyingi, na kweli nilikuwa nazo, lakini sababu hasa ni kwamba sikutaka kuona. Kibanda changu kiko hapo hapo mtaani, ukipita nyumba chache. Nilikuwa nimeinamia cherehani nikamsikia nesi anaingia, na kabla hata ya salamu akasimama mbele yangu amejishika mbavu. Amevaa gauni langu. Vifungo vya kifuani vilikuwa vimekataa kufungika, na mikono ya gauni imepanda juu ya kifundo cha mkono.

"Shoga, hili umenishonea mimi au mdogo wangu?"

"Nimekushonea wewe, na ulilijaribu hapa hapa likakukaa vizuri."

"Sasa mbona haliniingii?"

Mimi nina hasira za karibu, najijua. "Basi umenenepa," nikamwambia. "Kula ule wewe, lawama nipewe mimi?"

"Sijanenepa!"

"Nguo hainyamazi, dada. Imekubana, umenenepa."

"Nipime!"

Nikachomoa futi kwa mbwembwe zote, nikampima kifua, nikampima kiuno. Nikarudia. Vipimo vilikuwa vile vile nilivyovijua siku zote. Mwanamke hakuwa ameongezeka hata unene wa uzi. Nikabaki nimeshika futi, namtazama.

"Ulilifua?" nikamuuliza.

"Nililifua. Gauni la kazi nisilifue?"

"Baada ya kufua ndiyo likawa hivi?"

"Ndiyo ninachokwambia tangu nimeingia!"

Pamba mpya ikiguswa na maji husinyaa. Hilo analijua hata mwanafunzi wa siku ya kwanza: kitambaa cha pamba kinalowekwa kwanza, kinaanikwa, ndipo kinakatwa. Mimi nililijua. Lakini muuza jora alikuwa ameniapia kwamba hiki kimeshafuliwa kiwandani, hakisinyai, nami nilikuwa na haraka. Na kutoka jora hilo hilo ndiko nilikochana ukanda wa Mjomba. Mvua yote ile ilikuwa imemnyeshea yeye na mkanda wake.

"Mungu wangu," nikasema. "Mama!"

"Mama nani?" nesi akauliza, lakini nilikuwa nimeshatoka, futi shingoni, pini mdomoni, nikazitemea njiani. Nilikimbia huku nabishana na nafsi yangu. Mkanda umesinyaa, sawa. Lakini mti nao si hunywa maji? Labda umenenepa kweli, na mkanda umesinyaa kweli, vyote kwa pamoja. Labda. Sasa nikifika niseme nini? Nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba sijui, na Mama yuko chini ya ukuta kwa neno langu.

Nikawakuta Kamanda na Fundi Timazi, mmoja huku mmoja kule, wanavuta msumeno. Mjomba hakuwa mgumu hata kidogo. Msumeno ulizama kama kwenye boga, na maji yalichuruzika mpaka miguuni mwao.

"Acheni! Acheni!"

Wakasimama. Pamebaki kipande kidogo tu.

"Kuna nini?" Kamanda akauliza.

"Mkanda ulisinyaa! Ni kitambaa, siyo mti!"

"Kwa hiyo mti haunenepi?"

"Sijui!"

"Sasa tukate au tusikate?"

"Sijui, kaka, nimekwambia sijui! Mama yuko wapi?"

Kamanda akakwepa macho yangu. "Amegoma kutoka. Nimemwamrisha, nimembembeleza. Anasema binti yake ameshapima."

Nikaingia mbio. Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo umegusa ukuta ule ule, miguu ameikunja, anachambua mchele kwenye ungo. Ndiyo, mchele. Huku nje mti umebakiza kipande tu.

"Mama, toka."

"Nitoke niende wapi?"

"Toka tu, Mama. Nilikosea."

Akaacha kuchambua. "Ulikosea nini? Mjomba hanenepi?"

"Sijui kama ananenepa."

"Ukuta utaanguka?"

"Sijui."

"Hautaanguka?"

"Sijui, Mama!"

"Basi kama hujui," akasema, akaurudia mchele wake, "ulipojua nilikaa, na usipojua nitakaa pia. Mimi siyo kiti cha kuhamishwahamishwa kila mtu anapobadili mawazo."

Nilimvuta mkono, akauvuta. Nikalia, akasema nilie taratibu nisimwagie machozi mchele. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, kwamba ana kichwa kigumu, kwamba atatuua, akanijibu kwamba kichwa hicho ndicho nilichorithi. Nje Fundi Timazi alikuwa anaita kwa sauti ambayo sikuipenda. Nikaona nimeishiwa. Nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikakaa kando yake, nami nikaegemeza mgongo ukutani.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Nimekaa."

"Hapo?"

"Hapa hapa."

"Toka hapo, ukuta utakuangukia!"

"Si umesema unakaa?"

"Nimesema mimi nakaa! Nimesema wewe? Una watoto wawili shuleni, mpuuzi wewe, watarudi wamkute nani?" Ungo ukaruka, mchele ukamwagika sakafuni. Yule mwanamke ambaye asubuhi alinituma nimfunge kamba za viatu kwa sababu mgongo unamuuma, alinikamata mkono, akaniburuta kutoka kitandani, akanipitisha mlangoni, akanipitisha ukumbini, ananitukana kwa pumzi moja mpaka uani. Sikujua ana nguvu hizo. Mkono ule una alama ya vidole vyake hadi leo.

Tulipofika mbele ya Kamanda, Mama alikuwa bado hajaniachia. Ndipo Mjomba akatoa sauti, siyo ya kuvunjika, ni ya kuminywa, kama tambara lililolowa unapolikamua. Kipande kile kidogo kilichobaki kilishindwa kubeba mwili. Fundi Timazi akaruka nyuma. Mjomba akainama upande wa bustani, mbali na nyumba, taratibu, akakaa chini kama mtu mnene anayetafuta kiti. Na ukuta, bila haraka yoyote, ukamfuata. Ukaanguka wote kwa nje, juu yake, vumbi likapanda mpaka hatukuonana.

Vumbi liliposhuka tukaona chumba cha Mama kimekuwa wazi kama duka. Mabati yananing'inia, lakini kitanda kipo, kimetulia, shuka halina hata kokoto. Mchele uko sakafuni.

"Kwa hiyo ukuta ndio ulikuwa umeegemea," Fundi Timazi akasema kwa sauti ndogo.

"Lakini na mti nao si ulikuwa umenenepa?" Kamanda akauliza.

Mimi nilikuwa natazama kile kitanda. Kama tungebaki pale, tungebaki salama, tumekaa tunatazama bustani. Kumbe wakati wote huo ukuta ungeanguka nje, na aliyekuwa anauzuia ni yule niliyemhukumu mimi, miaka yote amesimama ameubeba mgongoni bila kusema neno. Nilimwonea huruma mti ule kama mtu. Halafu nikafikiri, lakini angalia mabati yale, angalia boriti ile inavyopepesuka, nani anajua? Labda ingetushukia. Labda isingetushukia. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mimi nikaanza kulia upya. Kamanda akasimama katikati yetu, hajui amfuate nani.

Jioni tukahamishia vitu vyake chumbani kwangu. Hakubisha. Alikuwa amechoka, na nadhani hata yeye alikuwa anaona aibu kidogo kwa alivyonitukana mbele ya mwashi. Nikampa chakula, nikamnyoosha miguu, nikamlaza kitandani kwangu, ambacho nacho kimesukumwa ukutani kwa sababu chumba ni kidogo. Alijigeuza, akaweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo.

"Na huu," akaniuliza, "umeupima?"

Nilisimama na taa mkononi. Nikaweka taa chini, nikamwambia, "Sogea, Mama." Akasogea. Nikamvuka, nikalala upande wa ukutani.